Shajara ya mradi: kuziba mafuta yanayovuja kwenye giaboksi ya Land Rover Series III

Gari na tatizo lake

Land Rover Series III, chasi fupi ya inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25, gia nne za mkono. Linawaka vizuri, gia zinaingia bila kukwaruza na haziruki. Lakini likilala usiku linaacha doa la mafuta chini ya katikati ya gari, na breki ya mkono imeanza kuteleza hata kwenye mwinuko mdogo. Kwa gari hili huenda mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja.

Wapenzi wa magari haya wana usemi kwamba Land Rover isiyovuja imeishiwa mafuta. Siukubali. Giaboksi yake inabeba lita moja na nusu tu, na kwenye dashibodi hakuna taa wala geji ya kukuonya yakipungua. Beringi ikikauka huna habari mpaka ianze kulia, na ikishaanza kulia imekwisha kuharibika. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Shafti na gia za ndani zilizo katika hali nzuri zinazidi kuwa adimu. Kwa hiyo sitafuti kupunguza matone. Nataka yakome.

Kwa ambaye hajawahi kulala chini ya gari hili, mpangilio ni huu. Nyuma ya injini kuna nyumba ya klachi, kisha giaboksi yenyewe, na nyuma yake imefungwa transfa, yaani sanduku linalogawa nguvu kwa propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma na kukupa gia nzito na nyepesi. Giaboksi na transfa zimeshikana kama kitu kimoja, ila kila moja ina mafuta yake: giaboksi lita 1.5, transfa lita 2.5. Katikati yao kuna sili inayozuia mafuta yasihame. Breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma inapoanzia. Sili ya mahali hapo ikichoka, mafuta yanamwagika moja kwa moja ndani ya dramu.

Hiyo ndiyo sababu ya kuhusisha doa na breki. Lakini kuhusisha si kuthibitisha, na sifungui kitu mpaka nijue.

Jumamosi: kutafuta chanzo

Tone huanguka kutoka sehemu ya chini kabisa, na mara nyingi hapo sipo lilipotokea. Upepo wa mwendo unasukuma mafuta kurudi nyuma, uchafu unayanyonya na kuyasambaza, na baada ya miaka kadhaa tumbo zima la gari linakuwa limelowa kiasi kwamba kila sili inaonekana na hatia. Ndiyo maana kazi ya kwanza ilikuwa kuosha. Mafuta ya taa, brashi ngumu na kikwangua cha mbao, kuanzia nyumba ya klachi hadi mwisho wa transfa, mpaka alumini ikaonekana. Halafu maji ya sabuni, halafu kukausha kabisa kwa kitambaa na hewa. Ni kazi chafu na ya kuchosha, na naiona kuwa nusu ya matengenezo yote.

Alumini ilipokauka niliipaka poda nyeupe nyepesi, ile ya mwilini isiyo na mafuta. Poda inaonyesha njia: mafuta yakianza kutoka yanachora mstari wa rangi ya kahawia kutoka pale pale yalipozaliwa. Ipo pia rangi maalumu ya kuchanganya na mafuta na kumulika kwa taa ya urujuanimno. Inafanya kazi vizuri, ila kwa chombo kilicho wazi kama hiki poda inatosha.

Nikaliendesha hadi mafuta ya gia yakapata joto sawasawa. Hili ni muhimu: mafuta ya namba 90 yakiwa baridi ni mazito na yanaweza yasipite kwenye ufa mdogo ambao yakiwa moto yanaupita bila shida. Kisha nikaliegesha juu ya kadibodi kubwa niliyochora mstari wa ekseli ya nyuma na mstari wa kati wa chasi, ili nijue kila tone limeanguka chini ya nini.

Niliyoyaona, kuanzia mbele kwenda nyuma:

Nyumba ya klachi ni kavu. Chini yake kuna tundu dogo lenye hesi, ambalo plagi yake hufungwa tu wakati wa kuvuka maji mengi. Wakati mwingine wote tundu hilo linatakiwa kuwa wazi, ili mafuta yakivuja ndani yatoke nje na yasikusanyike yakalowesha klachi. Kwenye gari hili plagi haikuwapo, kama inavyotakiwa, na kando za tundu hazikuwa na unyevu. Matokeo hayo yalinipa furaha kubwa. Kama tundu lingekuwa linadondosha, ningekuwa na watuhumiwa wawili, sili ya nyuma ya krankshafti na upande wa mbele wa giaboksi, na wote wawili wanataka viti, sakafu na kasha la viti vitolewe na giaboksi inyanyuliwe kupitia ndani ya kabini.

Ubavu wa giaboksi, mkavu. Sahani ya chini ya transfa, poda yake imelowa kidogo pembeni kwa nyuma, lakini unyevu huo unashuka kutoka juu. Haukuanzia kwenye gasketi.

Nyuma, sahani inayobeba brekishuu ilikuwa na mstari mnene wa kahawia kuanzia katikati hadi ukingo wa chini wa dramu. Matone yote makubwa kwenye kadibodi yalikuwa chini ya hapo.

Harufu nayo ilishuhudia. Mafuta ya gia yana harufu kali ya salfa ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi, nyembamba, na inanuka kuungua. Haya yalikuwa ya rangi ya asali iliyokolea, mazito, yenye salfa.

Bado Jumamosi: viwango viwili

Kabla ya kuamini nilichokiona nilipima mafuta ya kila sanduku peke yake. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote zaidi ya spana, na nashangaa ni mara chache kiasi gani kinafanywa.

Ukifungua plagi ya kiwango ya transfa na mafuta yakamwagika mengi, wakati giaboksi iko chini ya kiwango, basi sili ya katikati imekufa na giaboksi inajimwagia ndani ya transfa. Hapo transfa inajaa kupita kiasi, na mafuta ya ziada yanatafuta pa kutokea, yaani sili ya nyuma. Ukibadilisha sili ya nyuma bila kugundua hilo, gari litavuja tena, nawe utailaumu sili mpya isiyo na kosa.

Giaboksi: kiwango kilikuwa karibu na ukingo wa tundu, kidole kiligusa mafuta mara moja. Transfa: kidole hakikugusa kitu. Nilipoyamwaga yote kwenye chombo chenye vipimo, ya transfa hayakufika lita mbili. Kwa hiyo sili ya katikati inashikilia, na upotevu wote ni wa transfa kwenda nje. Ushahidi umekubaliana.

Mafuta yenyewe nilimimina kupitia kitambaa cheupe. Kulikuwa na unga laini wa kijivu kwenye plagi ya kumwagia, wa kawaida kwa umri wake. Hakukuwa na vipande vinavyong'aa vya kusikika kati ya vidole, wala weupe wa maziwa unaoonyesha maji. Transfa yenyewe ni nzima.

Jumapili: kuzuia gari lisitembee

Sehemu hii naiandika kwa urefu kwa sababu Land Rover ya aina hii imewaumiza watu.

Breki ya mkono inashika propela ya nyuma, na propela inashika magurudumu kupitia difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lile lililo chini kuzunguka upande mwingine, huku propela imesimama tuli. Maana yake ni kwamba breki ya mkono imefungwa vizuri kabisa na gari linabingirika kutoka kwenye jeki. Na kwa kazi hii hali ni mbaya zaidi: ukishatoa propela ya nyuma, magurudumu ya nyuma hayana uhusiano wowote na giaboksi. Kuliacha kwenye gia hakuyazuii hata kidogo.

Nililiweka mahali pa tambarare kabisa, vigingi vizito vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote manne, na stendi mbili imara chini ya chasi ingawa sikuhitaji kunyanyua sana. Gari hili liko juu kiasi cha kutosha kufanyia kazi ukiwa umelala.

Jumapili: kufungua

Propela kwanza. Bolti ni za inchi tatu juu ya nane za uzi mwembamba, nati zake zinataka spana ya 9/16. Spana za milimita ziweke mbali, zitakula kona za nati. Kabla ya kulegeza nilipiga alama ya tindo ndogo kwenye flanji mbili, yaani sahani za chuma zinazounganisha propela na transfa, ili zirudi zilivyokuwa. Propela imepata uwiano wake katika nafasi ile kwa miaka mingi, na kuibadilisha kunaweza kuleta mtikisiko ambao haukuwapo. Niliifunga kwa waya kwenye chasi, isiachwe ining'inie kwenye kiungo chake.

Dramu inashikwa na skrubu za kichwa bapa. Nililegeza kirekebishi cha breki, kile chenye kichwa cha mraba, ili brekishuu ziachie, kisha dramu ikatoka kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira pande zote kwa zamu.

Hapa tahadhari ya pili. Laini za breki, yaani tabaka la kusugua lililo juu ya brekishuu, za magari ya enzi hizo mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Usipulize vumbi la dramu kwa hewa ya kompresa, wala usilipige brashi likiwa kavu. Nililowesha kila kitu kwa maji ya sabuni, nikafuta kwa vitambaa, nikavifunga ndani ya mfuko, na barakoa yenye kichujio ilikuwa usoni muda wote.

Ndani kulikuwa kama nilivyotarajia: brekishuu zimelowa, ya chini imekuwa nyeusi inayong'aa. Kuna watu wanaozichoma kwa moto au kuziosha kwa petroli na kuzirudisha. Sikubaliani na hilo. Laini ina vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta hadi ndani. Ukiiosha inaonekana safi, na mara ya kwanza inapopata moto mafuta yanarudi juu. Hii ndiyo breki inayolishikilia gari mlimani likiwa na watu ndani. Nimeagiza mpya.

Nati ya flanji ni kubwa, yenye meno ya taji na kotapini. Kotapini ilikuwa imeoza, nikaitoa vipande vipande. Ili flanji isizunguke nilifunga chuma bapa kirefu kwenye matundu yake mawili kwa bolti, ncha yake ikaegemea chasi. Nati ikaachia bila ugomvi. Flanji nayo ikatoka kwa mkono baada ya kugongwa kidogo.

Flanji

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wengi wanatoa sili ya zamani, wanapachika mpya, wanafunga, na baada ya muda mfupi doa linarudi. Sili ya shafti inafanya kazi kwa ushirikiano wa vitu viwili: mdomo wa mpira na uso wa chuma unaozunguka ndani yake. Ukibadilisha kimoja bila kuangalia kingine umefanya nusu.

Mdomo wa sili hausuguani na chuma kikavu. Kati yao kuna utando mwembamba sana wa mafuta, unaolainisha bila kupita kwenda nje. Ili utando huo ukae, uso wa chuma lazima uwe laini na usiwe na mikwaruzo ya mzunguko wa parafujo. Mkwaruzo wa namna hiyo unafanya kazi kama pampu: kila shafti inapozunguka unasukuma mafuta nje, hata sili iwe mpya na ya bei kubwa namna gani.

Niliisafisha flanji kwa petroli nikaipitisha ukucha. Ukucha ulikwama. Palikuwa na mfereji mzunguko mzima, pale mdomo wa sili ulipokaa kwa miaka, ukisaidiwa na vumbi na mchanga vilivyoingia kwa nyuma. Mpira kuchimba chuma ni jambo linaloshangaza mpaka ulione. Mchanga unajipachika kwenye mpira, na mpira unakuwa jiwe la kunolea.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kubonyeza sili mpya isiingie hadi mwisho, ili mdomo wake ukae milimita moja au mbili kando ya mfereji, juu ya chuma ambacho hakijaguswa. Ni njia halali pale nyumba ya sili inapokuwa na nafasi. Ya pili, kuvalisha flanji pete nyembamba ya chuma kisichoshika kutu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, yenye unene wa takriban robo milimita, ambayo sili ya kipimo kile kile bado inaikubali. Ya tatu, flanji mpya.

Nilichagua pete. Flanji hii ni ya asili ya gari, meno yake ya ndani hayana ulegevu, na matundu ya bolti ni mazima. Kuitupa kwa sababu ya mfereji mmoja sikuona sababu. Mfereji niliujaza gundi ya chuma ya sehemu mbili, nikafuta ziada kabla haijakauka, kisha nikaipigisha pete mahali pake kwa kikombe chake, polepole na wima. Pete ikiingia upande inakunjana na hairudi. Nilipomaliza nilipitisha ukucha tena, na safari hii haukukuta kitu.

Sili

Ya zamani ilikuwa imekauka hadi ikawa ngumu kama plastiki. Mdomo haukuwa na unyumbufu wowote, na kile kispringi cha mviringo kilicho nyuma yake kilikuwa kimeshika kutu. Niliichomoa kwa ndoano, nikiwa mwangalifu nisikwaruze nyumba ya alumini.

Nyumba hiyo ndiyo pia inayobeba gia ya spidomita, na sikuitoa kwenye transfa. Kati ya nyumba na transfa kuna shimu, yaani vipande vyembamba vya kujazia nafasi, zinazoweka mbano wa beringi za shafti ya kutokea. Asiyelazimika kuitoa asiitoe. Anayelazimika ahifadhi kila shimu na kupima upya. Nilishika shafti kwa mikono miwili nikaivuta na kuisukuma kila upande: haina mchezo. Hili lilikuwa muhimu kujua, kwa sababu shafti inayocheza itaichosha sili yoyote.

Sili mpya ni ya mpira wa nitrili, unaovumilia joto la mafuta ya gia la kawaida bila shida. Upande wenye kispringi unatazama ndani, kwenye mafuta. Niliupaka mdomo mafuta ya gia kabla ya kuupachika, kwa kuwa sili inayoanza ikiwa kavu inaweza kuungua mdomo kabla mafuta hayajaifikia. Niliibonyeza kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana na ukingo wake wa nje, nikigonga kidogo kidogo na kutazama kila upande kama imezama sawa.

Flanji iliporudi nilipaka gundi ya kuzibia kidogo kwenye meno yake ya ndani na chini ya washa ya nati. Sili inazuia nje ya flanji, lakini mafuta yanaweza pia kutambaa ndani, kati ya meno ya flanji na ya shafti, na kutokea kwenye nati. Njia hiyo inasahaulika sana. Nati nikaikaza kwa kipimo cha mwongozo wa gari, kotapini mpya.

Kipumulio

Swali lililobaki lilikuwa moja: kwa nini mafuta yalitoka mengi kiasi kile? Sili ngumu na mfereji vinatosha kueleza unyevu. Sikuridhika kwamba vinaeleza mstari ule mnene.

Nilitoa paneli za sakafu ili nifike juu ya transfa. Kipumulio, yaani kitundu kinachoruhusu hewa ya ndani kutoka na kuingia, kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka, na juu ya tope mtu fulani aliwahi kupaka rangi nyeusi. Nilipokipuliza hakikupitisha chochote.

Fikiria kinachotokea. Transfa ina mafuta chini na hewa juu. Gari linaondoka likiwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Baada ya mwendo mrefu mafuta yanafika, tuseme, nyuzi 80. Hewa iliyofungiwa, isiyo na pa kwenda, inaongeza shinikizo lake kwa karibu sehemu ya tano, yaani takriban 0.2 ya baa. Sili ya mdomo imeundwa kuzuia mafuta yanayorushwa na gia. Haikuundwa kuzuia mafuta yanayosukumwa. Kila safari ndefu shinikizo hilo lilikuwa likiyatoa kwenye sehemu dhaifu kuliko zote. Gari likipoa mambo yanageuka: hewa ndani inanywea na kuvuta kutoka nje, pamoja na vumbi na maji, kupitia sili ile ile. Ndiyo mchanga uliochimba flanji, kwa maoni yangu.

Kwa hiyo naweka kipumulio kuwa kisababishi cha kwanza, na sili kuwa mwathirika. Nilikiloweka kwenye mafuta ya taa, nikakipitisha waya mwembamba na hewa mpaka kikapumua kwa pumzi ya mdomo tu. Nikakagua na vipumulio vya ekseli mbili kwa sababu hiyo hiyo. Cha nyuma kilikuwa kigumu, kikapata tiba ile ile.

Ukiwa na gari la zamani linalovuja na una muda wa kufanya jambo moja tu leo, angalia kipumulio.

Kurudisha na kujaza

Brekishuu mpya zimefungwa, dramu imesafishwa hadi chuma kikavu, kirekebishi kimekazwa mpaka brekishuu zikagusa kisha kikarudishwa nyuma hadi dramu ikazunguka huru. Propela imerudi kwenye alama zake, kwa nati mpya za kujifunga zenyewe.

Mafuta ni EP 90, yaani mafuta ya gia ya uzito wa namba 90, kwenye masanduku yote mawili, ya daraja la ubora la GL-4. Kuna anayedhani GL-5 ni bora kwa sababu namba ni kubwa. GL-5 ina kiasi kikubwa zaidi cha viambato vya salfa na fosforasi, vilivyokusudiwa difu za meno yaliyopinda, na baadhi ya viambato hivyo hushambulia madini ya shaba. Ndani ya giaboksi hii kuna bushi za shaba, na sinkro (pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia) za gia zote nne za mbele, ambazo ndizo zilizoitofautisha Series III na Series II iliyokuwa na sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Kwenye difu GL-5 haina neno. Kwenye giaboksi naiacha.

Kujaza ni hadi mafuta yaanze kudondoka kwenye tundu la plagi ya kiwango, gari likiwa limesimama sawa, kisha kusubiri yatulie na kufunga. Kuzidisha ukidhani unaweka akiba ni kuongeza kazi ya sili.

Katikati ya wiki: jaribio

Poda tena, mwendo mrefu tena, kadibodi tena.

Sahani ya breki: kavu kabisa, poda nyeupe hadi katikati. Breki ya mkono inalishika gari kwenye mwinuko mkali bila kunyata.

Lakini kadibodi ilikuwa na tone moja dogo. Poda ilionyesha mstari mwembamba ukishuka kutoka mahali kebo ya spidomita inapoingia ubavuni mwa nyumba ya sili. Zamani ulikuwa umefichwa na mafuriko ya jirani yake, na usingeonekana kamwe bila kuoshwa. Nilifungua kebo: ncha yake ilikuwa imelowa mafuta ya gia, na mafuta yalikuwa yameanza kupanda ndani ya ala yake. Yakiachwa yanaweza kupanda hadi kwenye spidomita yenyewe na kuiharibu.

Kigia kidogo kinachoendesha kebo kina sili yake ndogo. Nilikitoa, sili ikawa ngumu kama mwenzake mkubwa, nikabadilisha. Kebo niliichomoa kwenye ala, nikaisafisha kwa petroli, nikaipaka grisi nyepesi na kuirudisha. Kazi fupi, na isingefaa kuahirishwa.

Hali ya sasa

Baada ya tone lile nimeliendesha gari kwenye lami na kwenye barabara ya mawe, kwa gia nyepesi na nzito, na kulilaza usiku juu ya kadibodi mpya. Kadibodi ni safi. Kiwango cha transfa kiko pale pale nilipokiacha, na cha giaboksi vilevile, jambo linalothibitisha tena kwamba sili ya katikati inashikilia.

Yaliyobaki: kukaza tena nati za propela baada ya mwendo, kurekebisha breki ya mkono mara brekishuu zitakapojikalisha kwenye dramu, na kubadilisha gasketi ya sahani ya chini ya transfa wakati wa kumwaga mafuta mara nyingine. Bado haivuji, ila kona zake zimeanza kukauka. Kipumulio kitavalishwa bomba la mpira lenye mdomo juu karibu na dashibodi, mbali na tope na maji ya kuvuka. Bomba nimeshalipata, nasubiri klipu.